Mama Aliyegeuka Mlangoni

Somo: Marko 10:46-52

 

Somo letu ni habari ya Bartimayo, yule kipofu aliyekuwa ameketi kando ya njia karibu na Yeriko. Wengi wetu tumeijua habari hii tangu shule ya Jumapili. Twakumbuka jinsi alivyopaza sauti, na jinsi watu walivyomkemea anyamaze. Lakini liko jambo moja ambalo huwa twalipita upesi. Bartimayo alipoitwa, akatupa vazi lake akaja, Yesu alimwuliza ataka afanyiwe nini. Mtu haoni! Umati wote wajua kwamba shida yake ni macho. Mbona basi aulizwe? Kama tungalikuwa sisi wachungaji tumesimama pale njiani, hatungaliuliza. Tungalimtazama usoni mara moja tu, tukaanza kuomba.

Leo twataka kulifuata swali hilo la Bwana hadi kwenye vyuo, kwa wana wetu na binti zetu wanaosoma. Kila mwaka vyuo vinapofunguliwa, makanisa yaliyo jirani hujaa nyuso ngeni. Yuko kijana ambaye kijiji kizima kilimfanyia harambee ya karo, na sasa aogopa kushindwa mtihani kuliko aogopavyo kufa. Yuko binti aliyemwacha mtoto mchanga kwa nyanya yake. Yuko atembeaye kwa magongo, na yuko asiyesikia vema, naye hucheka wenzake wanapocheka ili wasijue. Jumapili wote huimba wimbo mmoja, nasi twadhani wana shida moja.

Kazi ya kumshauri mwanafunzi ni ya kale kama elimu yenyewe, lakini kuifanya iwe kazi ya kufundishwa na kupimwa ni jambo la karne ya 20, na sehemu kubwa ya habari zake yapatikana Marekani. Mwaka 1908 mtu aitwaye Frank Parsons alifungua ofisi mjini Boston ya kuwasaidia vijana kuchagua kazi. Alifariki mwaka ule ule, na kitabu chake kikatoka mwaka 1909. Baadaye, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Bwana E. G. Williamson na wenzake wakaifanya kazi hiyo kwa utaratibu mkubwa. Mwanafunzi alipimwa kwa mitihani ya akili na ya vipawa. Habari zake zikakusanywa, zikapangwa. Mshauri akaitaja shida, akatabiri mwisho wake, kisha akamwambia mwanafunzi la kufanya. Mwaka 1939 Williamson alitoa kitabu cha kuwafundisha washauri njia hiyo. Tusiwadharau watu hao. Zilikuwa siku za njaa na ukosefu wa kazi baada ya mwaka 1929, na kijana aliyeambiwa waziwazi kwamba hesabu zake hazimwezeshi kuwa mhandisi huenda aliokolewa miaka minne ya hasara. Lakini katika njia hiyo anayejua ni mshauri. Mwanafunzi ameletwa kama gari linavyoletwa kwa fundi.

Sasa twamtaja mtu ambaye karibu awe mchungaji. Jina lake Carl Rogers, aliyezaliwa mwaka 1902 karibu na Chicago, katika nyumba ya Waprotestanti wenye msimamo mkali na kazi nyingi. Alianza chuo akisoma ukulima. Mwaka 1922 alichaguliwa pamoja na wanafunzi wengine wachache kwenda Peking, China, kwenye mkutano wa ushirika wa wanafunzi Wakristo wa dunia, na safari ile ya miezi mingi ikamfungua macho. Mwaka 1924 aliingia chuo cha theolojia cha Union, mjini New York. Hapo yeye na wenzake waliomba wapewe darasa lisilo na mwalimu, wajadiliane maswali yao wenyewe. Chuo kikawakubalia. Wengi wao, Rogers akiwa mmoja, walijadiliana hata wakajikuta wametoka nje ya utumishi wa kanisa. (Sisi tuliosoma chuo cha theolojia twajua kwa nini walimu wetu hawakutupa darasa la namna hiyo.) Akavuka barabara, akaingia chuo cha ualimu cha Columbia kusoma elimu ya nafsi.

Mwaka 1928 alikwenda Rochester, akafanya kazi miaka kumi na miwili katika chama cha kuwalinda watoto. Huko ndiko alikokutana na mama mmoja ambaye mtoto wake alikuwa mtundu kupita kiasi. Rogers alikuwa amekwisha kuitambua shida kwa vitabu vyake: ya kwamba mama huyu tangu mwanzo hakumpokea mtoto wake moyoni. Kwa majuma mengi alijaribu kumwonyesha jambo hilo kwa upole na subira, wala hakufaulu. Mwishowe akasema kwamba wote wawili wamejitahidi na wameshindwa, basi waachane kwa amani. Mama akakubali. Wakapeana mikono, akaenda mlangoni. Hapo akageuka, akauliza kama watu wazima nao hupokewa kwa mashauri katika ofisi ile. Alipoambiwa ndiyo, alirudi akaketi, akamwaga habari za ndoa yake iliyovunjika moyo na aibu yake na kuchanganyikiwa kwake. Hayakufanana hata kidogo na yale aliyokuwa ameyaeleza majuma yote yaliyopita. Rogers mwenyewe aliandika baadaye kwamba kisa kile kilikuwa kimojawapo cha vilivyomsaidia kujifunza kwamba mwenye jeraha ndiye ajuaye linapouma.

Ndugu zetu, twaomba ruhusa kusimama kidogo mlangoni pale pamoja na yule mama, kwa maana sisi tunao mlango wetu.

Miaka kadhaa iliyopita, tukiwa katika usharika ulio karibu na chuo, kijana wa mwaka wa pili alikuja katika ofisi ya kanisa siku ya juma, jioni. Alikuwa amevaa viatu vilivyochoka, naye alianza kusema kwamba masomo yamemlemea. Hatukumngoja amalize. Tuliona viatu, tukajua ni karo. Tulimfariji kwa habari za Yusufu, tukamwombea, na Jumapili iliyofuata tukapitisha kikapu. Alipokea bahasha kwa mikono miwili, akashukuru sana, akaenda zake. Muhula ulipokwisha hatukumwona tena. Ni mwenzake wa chumba aliyetuambia, bila kujua anatuhukumu, kwamba yule kijana macho yake yalikuwa yakififia mwaka mzima. Hakuweza kusoma ubaoni. Alikuwa ananakili kwa wenzake usiku, akaona haya kumwambia mwalimu, na hatimaye akarudi kwao. Tulimpa fedha asizoziomba, na alilotaka kusema akaondoka nalo. Yeye hakugeuka mlangoni.

Turudi kwenye habari yetu. Mwaka 1940 Rogers alifanywa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, na tarehe 11 Desemba mwaka huo akaenda kuhutubu Minnesota, nyumbani kwa wale wa mitihani na mafaili. Alisema huko kwamba njia ya zamani ya kuagiza na kushawishi imepitwa. Ya kwamba mtu anayo ndani yake nguvu ya kukua, na kazi ya mshauri ni kumsikiliza kwa namna ambayo nguvu hiyo yapata nafasi. Wengine walifurahi, wengine walikasirika. Mwaka 1942 akatoa kitabu, na ndani yake akachapa mazungumzo yote ya mshauri na mtu mmoja, neno kwa neno, kama yalivyonaswa katika sahani za santuri. Lilikuwa jambo jipya kabisa. Zamani mshauri alikwenda nyumbani na kuandika alivyokumbuka, na sisi sote twajua jinsi tunavyokumbuka maneno yetu wenyewe. Sasa santuri ilisema kweli. Mwanafunzi wake mmoja alihesabu maneno katika mazungumzo ya namna hiyo, akaona kwamba washauri wa kuagiza walitumia maneno karibu mara sita kuliko washauri wa kusikiliza. Mara sita! Laiti ingewekwa santuri katika ofisi zetu za kanisa.

Hatusemi kwamba twamfuata Rogers katika kila jambo. Yeye aliamini kwamba moyo wa mtu, ukipewa nafasi, hujielekeza kwenye mema. Sisi tuliosoma Warumi sura ya 7 twajua kwamba moyo una vita ndani yake. Tena ziko siku ambapo kijana lazima aambiwe neno la wazi: ya kwamba pombe ile itamwua, au mtu yule aliyeahidi kumlipia karo ataka kitu kingine. Mzee anayenyamaza siku hiyo hajasikiliza, amekimbia. Lakini hata neno la wazi huingia vema kwa mtu aliyekwisha kusikilizwa. Angalieni rafiki za Ayubu. Walikaa naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno, na kazi yao ilikuwa nzuri mpaka walipofungua vinywa wakaanza kumweleza sababu ya shida yake.

Na lugha yetu yajua jambo hili kuliko tunavyodhani. Shauri kwa wazee wetu lilikuwa kikao. Watu waliketi, kila mmoja akasema, na mwenye shida akasema kwanza. Ndiyo maana twasema kushauriana. Sijui ni lini tulianza kuliona shauri kuwa kitu anachokimiliki mkubwa na kumpa mdogo, kama kidonge. Na likikataliwa twasema, "Shauri yako," tukaondoka.

Basi, vita vikuu vya pili vilipokwisha, vyuo vya Marekani vilijaa watu wa namna ambayo havikuizoea. Kwa sheria ya mwaka 1944 serikali iliwalipia masomo askari waliorudi, na kama milioni 2.2 kati yao waliingia vyuoni: watu wazima, wenye wake na watoto, wengine hawana miguu. Mwaka 1948 Bwana Timothy Nugent alianza huko Illinois kazi ya kuwawezesha wanafunzi wa viti vya magurudumu kusoma. Vyuo vingi havikumfuata. Vilidhani mtu wa namna hiyo apaswa kusaidiwa mahali pengine.

Mwaka 1953, huko California, kijana wa miaka 14 aitwaye Ed Roberts alishikwa na polio. Alipooza mwili kuanzia shingoni, isipokuwa vidole viwili vya mkono wa kushoto na vidole vya mguu. Usiku alilala ndani ya mashine kubwa ya chuma iliyomsaidia kupumua. Aliwahi kukataa chakula hospitalini akitaka kufa. Alirudi kula siku ile nesi wake wa mwisho alipoondoka, maana sasa hakuna aliyemlazimisha, na uamuzi ukawa wake. Alisoma shule ya sekondari kwa simu kutoka kitandani. Alipomaliza, shule ilitaka kumnyima cheti kwa kuwa hakufanya somo la michezo wala la kuendesha gari. Mama yake, Zona, alipigana mpaka cheti kikatoka.

Katika chuo kidogo cha San Mateo alimpata mshauri wa wanafunzi, Jean Wirth, mwanamke mrefu mno aliyejua maana ya kutazamwa na watu tangu utoto. Jean alimwuliza ataka kusoma nini, na wapi. Ed akataja chuo cha Los Angeles kwa sababu kilikwisha kuwapokea askari wa viti vya magurudumu. Jean akasema kwamba kwa elimu ya siasa, aliyoipenda, Berkeley ni bora. Twaona hapa mshauri asiyechagua chuo kwa ajili ya ulemavu wa mtu, bali kwa ajili ya akili yake. Idara ya serikali ya kuwasaidia wenye ulemavu wapate kazi ilikataa kumlipia, ikisema mtu huyu hataweza kufanya kazi kamwe. Mkuu mmoja huko Berkeley akasema walikwisha kuwajaribu viwete zamani na haikufaa. Magazeti yakaandika, idara ikalegea, na mwaka 1962 akaingia.

Mabweni hayakuweza kuibeba ile mashine ya chuma, kwa maana uzito wake ulikuwa kama kilo 360. Ndipo daktari wa wanafunzi, Henry Bruyn, akatoa nafasi katika hospitali ya chuo iitwayo Cowell. Ed akakaa wodini kama mgonjwa, naye si mgonjwa. Mwaka uliofuata akaja John Hessler, na mwishoni mwa miaka ya 1960 walikuwa kama kumi na wawili katika orofa moja. Mambo mengine waliyatatua wenyewe kabla mtaalamu yeyote hajayafikiri. Ed aliambiwa miaka mingi kwamba hawezi kuendesha kiti cha umeme. Kisha akampenda msichana, akachoka kusukumwa na mtu wa tatu kila walipotaka kuzungumza. Akajifunza kukiendesha kwa vile vidole viwili. Kumbe hata wataalamu hawakujua kwamba swali la kwanza ni hilo.

Mwaka 1969 hivi idara ya serikali iliwaletea mshauri aliyeona ni wajibu wake kuwapangia masomo na mwenendo, naye akataka wawili wao waondolewe. Orofa nzima ilisimama pamoja, wakaandika barua, wakaenda kwa wakubwa, na mshauri ndiye aliyehamishwa. Kisha wakaketi na kujiuliza: mwanafunzi mwenye ulemavu ahitaji nini hasa ili asome? Hawakujibu kwa nadharia. Wakaandika: mtu wa kumwinua asubuhi, fundi wa kutengeneza kiti kilichoharibika usiku, nyumba isiyo na ngazi, msomaji kwa asiyeona, na mtu wa kuzungumza naye ambaye mwenyewe amepita njia ile. Mwaka 1970, kwa fedha za serikali kuu, ofisi yao ikafunguliwa karibu na chuo, na washauri wengi ndani yake walikuwa wenye ulemavu. Mwaka 1972 kikaanzishwa kituo cha namna hiyo kwa watu wa mji mzima. Na mwaka 1975 gavana wa California alimweka Ed Roberts kuwa mkurugenzi wa idara ile ile iliyosema hataweza kufanya kazi. Alifariki mwaka 1995.

Rogers alitufundisha kunyamaza na kusikia. Vijana wa Cowell waliongeza jambo ambalo chumba cha mashauri peke yake hakiwezi kulitoa, maana kusikilizwa vizuri mara tatu kwa juma hakumpandishi mtu ngazi.

Nasi Kenya tulikuwa wapi? Jeshi la Wokovu lilianza shule ya vipofu Thika mwaka 1946, na baadhi ya wanafunzi wake wakafika chuo kikuu. Chuo Kikuu cha Nairobi kilipata hadhi yake kamili mwaka 1970, mwaka ule ule wa ofisi ya Berkeley. Tume ya Ominde ya mwaka 1964 ilitaja haja ya kuwaongoza wanafunzi, na kamati ya Gachathi ya mwaka 1976 ikataka kila mkuu wa shule amweke mwalimu wa kazi hiyo. Mara nyingi mwalimu huyo alipewa jina la mshauri na kuachiwa vipindi vyake vyote. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 54, yampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika katika mahali pa elimu. Sheria tunayo. Lakini kijana anayefifia macho haendi kwanza kwa sheria. Huenda kwa mtu anayedhani atamsikia, na mara nyingi mtu huyo ni mwinjilisti, au mama wa Umoja wa Akina Mama, au mchungaji mwenye haraka ya kwenda mazishini.

Katika usharika wetu siku hizi Jumatano jioni wanafunzi wawili wa mwaka wa mwisho huketi kuwapokea wenzao, na mmoja wao hutembea kwa magongo. Sisi tumepewa kazi ya kuchemsha chai, na tumeambiwa tusikae karibu. Huketi nje chini ya mwarobaini kwa sababu ofisi ya kanisa ina ngazi tatu. Kamati ya ujenzi imekubali pajengwe mteremko. Fundi alihitaji mifuko minne ya saruji, na hadi sasa tumepata miwili.

Tuombe. Bwana Yesu, wewe uliyesimama njiani kwa ajili ya mtu mmoja, umkumbuke kijana yule popote alipo, na macho yake. Umpe mtu wa kumwuliza. Amina.